Kuhamisha Mkutano Bila Kuvuruga Kalenda

UTANGULIZI

Kila kikundi cha watu wanaoshirikiana katika kazi hupanga mikutano, na kila kikundi kinachopanga mikutano hulazimika, mara kwa mara, kuihamisha. Kwa mtazamo wa haraka jambo hili huonekana kuwa dogo. Katibu hupiga mstari juu ya tarehe ya zamani, huandika mpya pembeni mwa ukurasa, kisha huwaarifu wenzake. Hata hivyo, kosa moja tu katika kuhamisha tarehe laweza kumfanya mwanachama asafiri bure, au atozwe faini kwa kutohudhuria mkutano ambao hakujua kwamba umehamishwa, au akose kuwapo siku mikopo inapogawanywa.

Makala haya yaeleza namna ya kuhamisha mikutano kwa utaratibu, kwa kutumia kompyuta na faili la maandishi matupu. Ili maelezo yasiwe ya hewani, utatumika mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho. Na ichukuliwe kwamba katika kata ya Mabawa, Jiji la Tanga, kipo kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 30. Wengi wao ni mama lishe, wachuuzi, mafundi na walimu. Saba miongoni mwao hupata riziki yao pwani: hulima mwani na kutafuta pweza miambani maji yanapokupwa. Kikundi hukutana kila baada ya siku 14, siku ya Jumanne, tangu saa tatu hadi saa tano asubuhi. Asiyehudhuria hulipa faini, na mwenye faini nyingi husogezwa nyuma katika foleni ya mikopo.

Utaratibu huo waonekana kuwa wa haki kwa wote, maana siku ni ile ile na saa ni ile ile. Itathibitika hapa chini, kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifuata, kwamba haki hiyo ni ya juu juu tu.

1. MAANDISHI MATUPU NI NINI?

Maandishi matupu ni faili lenye herufi, tarakimu na alama za uandishi pekee, bila picha, rangi wala maumbo ya herufi. Msingi wake ulikuwa mfumo wa namba uitwao ASCII, uliotangazwa nchini Marekani mwaka 1963, ambao huipa kila herufi namba yake. Faili la namna hii lina sifa tatu muhimu. Kwanza, husomeka katika kompyuta yoyote, mpya au kuukuu, na hata katika simu. Pili, halihitaji mtandao. Tatu, ni dogo mno: mstari mmoja wa miadi una herufi zipatazo 60, kwa hiyo mikutano 26 ya mwaka mzima huchukua herufi 1,560 tu, yaani pungufu ya ukurasa mmoja wa kitabu.

Ziko programu kadhaa za kupangia shughuli kwa njia hii. Iliyo maarufu zaidi ni Org, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Carsten Dominik, mtaalamu wa falaki wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, Uholanzi. Org hufanya kazi ndani ya Emacs, programu ya uhariri ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1976 katika chuo cha MIT, Marekani, na ambayo toleo lake la GNU lilitolewa na Richard Stallman mwaka 1985. Zote mbili hutolewa bila malipo, na kila mtu anaruhusiwa kuzichunguza na kuzirekebisha.

Yafaa ifahamike, hata hivyo, kwamba kanuni zitakazoelezwa hazitegemei mashine. Shule isiyo na kompyuta yaweza kuzifuata zote kwa kalamu na daftari. Kompyuta huongeza wepesi tu na kupunguza makosa ya kuhesabu.

2. MUHURI WA WAKATI

Miadi ya kikundi cha Mabawa huandikwa hivi:

* BADO Mkutano wa kikundi
  <2026-01-27 Jumanne 09:00-11:00>

Mstari wa kwanza ni kichwa cha habari. Neno BADO laonyesha hali ya shughuli. Mtumiaji huchagua mwenyewe maneno ya aina hii, na likiisha tendo neno hilo hugeuzwa kuwa TAYARI. Mstari wa pili ndio muhuri wa wakati. Mambo manne kuhusu muhuri huu yastahili kuangaliwa kwa makini.

(a) Mpangilio wa tarehe. Mwaka hutangulia, kisha mwezi, kisha siku. Huu ndio mpangilio uliokubaliwa kimataifa katika kanuni ya ISO 8601, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1988. Faida yake ni kwamba kipimo kikubwa hutangulia kidogo, kama ilivyo katika namba yoyote ya kawaida, ambamo mamia hutangulia makumi. Kwa sababu hiyo mistari ikipangwa kwa mfuatano wa tarakimu, hujipanga pia kwa mfuatano wa wakati. Tarehe zilizoandikwa kwa desturi ya 27/01/2026 na 03/02/2026 hazina sifa hiyo: zikipangwa kwa tarakimu, tarehe 3 Februari itatangulia 27 Januari.

(b) Saa. Kompyuta huhesabu saa tangu usiku wa manane, ilhali Kiswahili huhesabu tangu mapambazuko na tangu machweo. Tofauti ni saa sita. Saa tatu asubuhi huandikwa 09:00, na saa nane mchana huandikwa 14:00. Kwa saa za mchana, yaani tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kanuni ni kuongeza sita. Kwa saa za usiku huongezwa 18, na jibu likifika 24 au zaidi, hutolewa 24: saa nne usiku ni 22:00, na saa nane usiku ni 26 kutoa 24, yaani 02:00. Katibu anayeandika 03:00 akikusudia saa tatu asubuhi ameuweka mkutano saa tisa usiku.

(c) Siku ya juma. Majina ya Kiswahili huanza kuhesabu kwa Jumamosi, yaani siku ya kwanza, na hufika Jumatano, siku ya tano. Baada yake huja Alhamisi, ambayo kwa asili ya Kiarabu nayo ni "ya tano", maana Waarabu huanza kuhesabu kwa Jumapili. Juma letu, basi, lina siku mbili zenye jina la tano. Kanuni ya kimataifa iliyotajwa hapo juu huanza kwa Jumatatu. Hivyo Jumanne ni siku ya nne kwa jina, lakini ni siku ya pili kwa kompyuta. Katika Org, inayotawala ni tarehe. Jina la siku ni msaada kwa msomaji. Tarehe na jina visipopatana, hapana budi kusimama na kukagua kabla ya kutangaza lolote.

(d) Aina ya mabano. Muhuri ulio katika mabano ya pembe < > ni hai: huonekana katika ajenda, yaani orodha ya siku au ya juma ambayo programu huikusanya yenyewe. Ulio katika mabano ya mraba [ ] ni kumbukumbu tu, nao hauonekani katika ajenda. Tofauti hii itafaa sana katika sehemu inayofuata.

Liko pia kosa moja la kawaida kwa wanaoanza. Org ina neno SCHEDULED, ambalo huwekwa kabla ya muhuri kuonyesha siku mtu anayonuia kuanza kazi, kama vile kusahihisha mitihani. Kazi isipofanywa siku hiyo, huendelea kutokea katika ajenda siku zinazofuata. Mkutano si kazi ya namna hiyo: ukipita, umepita. Kwa hiyo mkutano huandikwa kwa muhuri mtupu, bila neno hilo.

3. KUHAMISHA MKUTANO MMOJA

Njia ya polepole ya kuhamisha mkutano ni kufuta tarehe na kuandika nyingine. Kila tarakimu inayofutwa na kuandikwa upya ni nafasi ya kukosea, na jina la siku husahaulika mara nyingi. Njia bora ni kuisogeza tarehe badala ya kuiandika upya.

Kusogeza kwa mshale. Katibu huweka kielekezi juu ya tarehe, hushikilia kitufe cha Shift, na kubonyeza mshale wa kulia. Tarehe husogea siku moja mbele, na jina la siku hubadilika pamoja nayo. Mshale wa kushoto huirudisha nyuma. Kielekezi kikiwekwa juu ya saa, Shift pamoja na mshale wa juu au wa chini huisogeza saa. Hapa ipo sifa moja ya manufaa makubwa: saa ya kuanza ikisogezwa, saa ya kumaliza husogea nayo kwa kiasi hicho hicho. Mkutano wa 09:00-11:00 ukipelekwa saa nne huwa 10:00-12:00, na urefu wake wa saa mbili haubadiliki. Anayetaka kubadilisha urefu huigusa saa ya kumaliza pekee.

Kusogeza kwa hesabu. Pale safari ni ndefu, ni afadhali kuipa programu idadi ya siku. Katibu huweka kielekezi juu ya muhuri, hubonyeza Ctrl na c kwa pamoja, kisha nukta, na programu humwuliza tarehe mpya. Aweza kujibu kwa alama ya kujumlisha moja au mbili, na tofauti baina yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Alama moja huhesabu tangu leo. Alama mbili huhesabu tangu tarehe iliyokwisha kuandikwa katika muhuri.

Kwa mfano, Alhamisi tarehe 2 Aprili 2026 katibu anataka kusogeza mkutano wa Jumanne, 21 Aprili, juma moja mbele. Akiandika +7d, mkutano utaangukia tarehe 9 Aprili, yaani siku saba tangu leo, nao utakuwa Alhamisi. Akiandika ++7d, utaangukia tarehe 28 Aprili, kama alivyokusudia, na Jumanne itabaki Jumanne. Mwanafunzi wa hisabati atatambua kwamba hili ni suala la kuchagua asili ya kipimo: namba 7 haina maana mpaka ijulikane inahesabiwa tangu wapi.

Kuacha alama. Mkutano uliohamishwa bila kumbukumbu huzaa ugomvi. Anayedai kwamba aliambiwa tarehe nyingine hawezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Kwa sababu hiyo katibu mwangalifu huacha tarehe ya zamani katika mabano ya mraba:

* BADO Mkutano wa kikundi
  <2026-04-28 Jumanne 09:00-11:00>
  Ulikuwa [2026-04-21 Jumanne 09:00-11:00].
  Umehamishwa kwa azimio la [2026-04-07 Jumanne].

Ajenda huonyesha tarehe 28 pekee, kwa hiyo hakuna anayechanganyikiwa. Lakini anayefungua faili hupata historia yote. Mwanachama aliyefika tarehe 21 kwa kukosa habari ana ushahidi kwamba hakustahili faini.

4. MKUTANO UNAOJIRUDIA

Kikundi kinachokutana kila baada ya siku 14 hakina haja ya kuandika mikutano 26. Huandika mmoja na kuongeza kirudio mwishoni mwa muhuri. Org ina virudio vya aina tatu, na kila kimoja hujibu kwa namna yake pindi neno BADO linapogeuzwa kuwa TAYARI:

+14d   huongeza siku 14 mara moja juu ya tarehe iliyoandikwa;
++14d  huongeza siku 14 mara nyingi kadiri inavyohitajika, mpaka tarehe ifike siku zijazo;
.+14d  huhesabu siku 14 tangu siku ambayo katibu ameandika TAYARI.

Na ichukuliwe kwamba muhuri ni wa Jumanne, 10 Februari 2026, lakini katibu aliugua na hakugusa faili mpaka Alhamisi, 12 Machi. Kirudio cha kwanza kitampa 24 Februari, tarehe iliyokwisha kupita. Cha tatu kitampa 26 Machi, ambayo ni Alhamisi. Cha pili pekee ndicho kitakachompa Jumanne, 24 Machi. Kirudio cha tatu hufaa kazi kama kusafisha tangi la maji, ambapo kinachojali ni muda uliopita tangu kazi ifanyike. Kwa mikutano, kirudio cha pili ndicho kinachofaa.

Sasa yaja matatizo yenyewe. Muhuri wenye kirudio ni mmoja, lakini unasimama badala ya mikutano mingi. Katibu akiusogeza kwa sababu mkutano mmoja tu una udhuru, ameisogeza mikutano yote inayofuata. Msiba wa siku moja huhamisha kalenda ya mwaka mzima, na hakuna anayetambua mpaka watu wafike siku mbili tofauti.

Dawa yake ni kuutenga mkutano mmoja na wenzake kabla ya kuusogeza. Org ina amri ya kunakili habari pamoja na kusogeza tarehe zake: Ctrl na c, kisha Ctrl na x, kisha c. Programu huuliza idadi ya nakala na ukubwa wa hatua. Kwa habari yenye kirudio, katibu hujibu sufuri na +14d. Matokeo yake ni habari mbili. Ya kwanza ina tarehe ya sasa, bila kirudio. Ni mkutano mmoja tu, nao waweza kusogezwa bila kuvuta mingine. Ya pili huanza siku 14 baadaye, na kirudio chake kimebaki kama kilivyokuwa.

Anayetumia daftari afanye vivyo hivyo: asibadilishe kamwe sentensi isemayo "kila Jumanne ya pili". Aandike chini yake: "isipokuwa mkutano wa tarehe fulani, utakaokuwa tarehe fulani."

5. SIKU 14 NA MWEZI

Hadi hapa imeonyeshwa namna ya kuhamisha mkutano. Sasa yafaa kuuliza ni lini mkutano wahitaji kuhamishwa, na swali hili lawarudisha wasomaji kwa wale wanachama saba wa pwani.

Maji ya bahari katika pwani ya Tanga hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kisababishi kikuu ni mvuto wa mwezi, ukisaidiwa na ule wa jua. Mwezi wa giza na mwezi mpevu hutokea pale jua, dunia na mwezi vinapokuwa karibu kwenye mstari mmoja. Mivuto hiyo miwili hushirikiana, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na miamba huachwa wazi. Wakati wa robo ya mwezi mivuto hupingana, na huja maji mafu, ambayo hayapwi vya kutosha. Katika pwani hii kupwa kwa bamvua hutokea karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Hivyo saa za mkutano, yaani saa tatu hadi saa tano asubuhi, ndizo saa za kazi pwani siku za bamvua.

Tangu mwezi wa giza hadi mwingine ni wastani wa siku 29.53. Bamvua huja mara mbili katika muda huo, yaani kila baada ya siku 14.765. Mkutano huja kila baada ya siku 14. Tofauti ni:

14.765 - 14 = 0.765 ya siku, yaani karibu saa 18 na dakika 20.

Kila mkutano, basi, huwahi kwa saa 18 kulingana na mwendo wa maji. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba mtu haioni kutoka mkutano mmoja hadi mwingine, lakini hulimbikizana. Ratiba ya mwaka 2026 yaonyesha wazi:

Mkutano wa 1, 27 Januari: siku 1 baada ya robo ya kwanza. Maji mafu.
Mkutano wa 6, 7 Aprili: siku 5 baada ya mwezi mpevu. Katikati.
Mkutano wa 10, 2 Juni: siku 2 baada ya mwezi mpevu. Bamvua.
Mkutano wa 11, 16 Juni: siku 1 baada ya mwezi wa giza. Bamvua.
Mkutano wa 12, 30 Juni: siku ya mwezi mpevu. Bamvua.
Mkutano wa 13, 14 Julai: siku ya mwezi wa giza. Bamvua.
Mkutano wa 14, 28 Julai: siku 1 kabla ya mwezi mpevu. Bamvua huanza.

Ratiba iliyokubaliwa Januari, maji yakiwa mafu, haikumdhuru mtu yeyote. Juni na Julai ratiba hiyo hiyo, bila kubadilishwa hata neno moja, yawalazimisha wanachama saba kuchagua kati ya kazi yao na mkutano, si mara moja bali mara tano mfululizo. Sababu ya mfululizo huo ni ule ule udogo wa tofauti. Ikiwa siku za bamvua zenye kazi nyingi ni nne, na mkutano husogea 0.765 ya siku kila mara, basi mgongano hudumu kwa mikutano 4 ÷ 0.765, yaani mitano hivi. Faini tano zinazofuatana zatosha kumwondoa mtu katika foleni ya mikopo. Wenzake watasema kwamba mama huyo alikuwa mhudhuriaji mzuri mwanzoni mwa mwaka, kisha akawa mvivu. Hakuwa mvivu, kalenda ndiyo iliyosogea.

6. MAJUMA 19, MIKUTANO 9

Je, yawezekana kupata ratiba inayobaki Jumanne, isiyoongeza mikutano, na isiyogongana na bamvua? Yawezekana, kwa kuhamisha mkutano mmoja kila baada ya muda maalumu.

Kila mkutano huwahi kwa siku 0.765. Nafasi moja kati ya mikutano ikirefushwa kwa siku 7, upotevu huo hurudishwa. Idadi ya mikutano inayofaa kwa kila marekebisho ni:

7 ÷ 0.765 = 9.15, yaani karibu 9.

Kwa hiyo katika nafasi tisa, nane ziwe za siku 14 na moja iwe ya siku 21:

8 × 14 + 21 = 133, yaani majuma 19 kamili.

Na mizunguko tisa ya maji ni 9 × 14.765 = 132.89. Hesabu hizi mbili zaachana kwa 0.11 ya siku, yaani pungufu ya saa tatu katika miezi minne na zaidi. Kosa hilo halitafikia siku nzima mpaka yapite majuma 19 mara tisa, ambayo ni zaidi ya miaka mitatu.

Kikundi cha Mabawa chaweza kuanza mpango huu kwa kuuhamisha ule mkutano wa 21 Aprili hadi 28 Aprili, kama ulivyoandikwa katika sehemu ya 3. Mikutano tisa itakuwa: 28 Aprili, 12 Mei, 26 Mei, 9 Juni, 23 Juni, 7 Julai, 21 Julai, 4 Agosti na 18 Agosti. Baada ya hapo hupita siku 21, na duru ya pili huanza tarehe 8 Septemba. Wa kwanza huangukia siku nne baada ya robo ya mwezi, na wa mwisho siku mbili kabla ya robo. Hakuna hata mmoja unaoangukia kilele cha bamvua.

Katika faili, mpango wote ni mihuri tisa, kila mmoja ukiwa na kirudio cha majuma 19:

* BADO Mkutano wa kwanza wa duru
  <2026-04-28 Jumanne 09:00-11:00 ++19w>
* BADO Mkutano wa pili wa duru
  <2026-05-12 Jumanne 09:00-11:00 ++19w>

na kuendelea hivyo hadi wa tisa. Mistari 18 yatosha kuendesha kikundi kwa miaka mitatu. Upo pia upande mwingine wa manufaa: mkutano mmoja ukipatwa na udhuru, hutengwa na kusogezwa kwa njia ya sehemu ya 4, na minane iliyobaki haiguswi.

HITIMISHO

Kompyuta haiwezi kumwambia katibu kwamba mwanachama fulani ana kazi pwani. Hujua kujumlisha siku tu. Kuuliza nani ataumia kwa tarehe hii ni wajibu wa binadamu, na swali hilo hapana budi liulizwe kabla ya tarehe kuandikwa. Mashine ikishapewa jibu, hulitunza bila kusahau na bila upendeleo. Aidha, tarehe iliyohamishwa katika faili bado haijahamishwa katika vichwa vya watu: mabadiliko yatangazwe angalau mkutano mmoja kabla, yabandikwe mahali panapoonekana, na asiyepata habari asitozwe faini.

Wakazi wa pwani wamejua kwa karne nyingi kwamba maji hufuata mwezi, wala hayafuati juma. Kalenda ya ofisi hufuata juma, wala haifuati mwezi. Anayepanga mikutano ya watu wanaoishi kwa kalenda zote mbili hana budi kuzijua zote mbili, na hesabu ya kuzipatanisha, kama ilivyoonekana, haizidi kugawanya na kuzidisha.

MAZOEZI

1. Andika kwa saa za kompyuta: saa kumi na nusu alasiri, saa mbili usiku, saa kumi alfajiri.

2. Tarehe 20 Agosti 2026 katibu anataka kusogeza mkutano wa 8 Septemba juma moja mbele. Atapata tarehe gani akiandika +7d? Atapata ipi akiandika ++7d? Taja siku ya juma kwa kila jibu.

3. Kikundi kingine hukutana kila baada ya siku 28. Kwa kila mkutano, ratiba yake huwahi kwa siku ngapi kulingana na mwezi? Je, mgongano wake na bamvua utadumu kwa mikutano mingi zaidi au michache zaidi kuliko ule wa kikundi cha Mabawa? Eleza sababu.

4. Mpango wa majuma 17 una mikutano 8, na wa majuma 21 una mikutano 10. Kokotoa kosa la kila mpango kwa kulinganisha na mizunguko ya siku 14.765, kisha uonyeshe kwa nini mpango wa majuma 19 ni bora kuliko yote miwili.

5. Kwa darasa zima: chunguzeni ratiba ya mikutano ya wazazi katika shule yenu. Ni kazi gani za wazazi zinazofuata mwezi, mvua au siku za gulio? Tarehe gani za mwaka ujao zingefaa kuhamishwa, na kwa siku ngapi?